Utalii wa vijijini Uru, Marangu na Machame: nani ashike tiketi, nani atengeneze njia, nani alipwe nini

KihambaChaJuu (mtoa mada)

Salaam wakuu. Kila kikao cha wadau wa utalii hapa Moshi humalizika kwa wimbo mmoja: serikali, wafanyabiashara na wananchi washirikiane. Hakuna anayepinga. Shida ni kwamba kikao kinafungwa bila kusemwa nani atashika kitabu cha tiketi, nani atafyeka njia mwezi wa tano, na mgeni akiteguka mguu nani atamteremsha. Hapo ndipo ushirikiano unapovunjikia.

Uzi huu ni wa vijiji vyenye maporomoko, vihamba (mashamba ya ukoo) vya kahawa na njia za miguu: Uru Mashariki, Marangu, Machame, Kibosho na vinavyofanana navyo. Naweka mfumo ninaoutetea, nyie mkosoe.

Kijiji ndicho chenye ardhi na njia, kwa hiyo kiingilio ni cha kijiji. Lakini halmashauri ya kijiji isiendeshe utalii yenyewe. Ina shule, maji, migogoro ya mipaka, na mtendaji anaweza kuhamishwa wakati wowote. Uendeshaji upewe kikundi cha utalii kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti yake na mkataba wa maandishi na kijiji. Kampuni inaleta wageni na kukilipa kikundi. Halmashauri ya wilaya inaidhinisha sheria ndogo na kukagua hesabu. Tena ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), mkopo usio na riba. Kikundi kinaweza kuutumia kununua vyombo vya jikoni, buti za mvua au mashine ya kukoboa kahawa.

Mpangilio wa hatua una maana yake. Wengi huanza kwa kutafuta kampuni, halafu wanarudi kijijini kuomba baraka. Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, na uamuzi uingie kwenye muhtasari. Mkikubaliana na mwenyekiti peke yake, uchaguzi wa serikali za mitaa ukipita mkataba wenu utaitwa "ule wa mwenyekiti wa zamani".

Kinachofuata ni sheria ndogo ya kiingilio. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili, inapita kata, kisha Baraza la Madiwani linaidhinisha. Bila hiyo, kamba mliyofunga barabarani ni tozo haramu hata kama fedha zinajenga zahanati.

Ndipo usajili. Kikundi cha kijamii kinaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Mkitaka kuwa kampuni, nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Baada ya hapo TIN, leseni ya biashara, na leseni ya utalii, ile iliyozoeleka kwa jina la TALA, ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Msisahau kujitambulisha Bodi ya Utalii, maana ndiyo inayoratibu utalii wa kitamaduni tangu ule mpango ulioanza miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, uliozaa vituo kama Longido, Ng'iresi na Mto wa Mbu.

Bei. Tuchukue ziara ya saa tano: maporomoko, kahawa na chakula cha mchana, shilingi 60,000 kwa mgeni. Mgawanyo wangu ni mwongozaji 12,000, chakula 15,000, mwenye kihamba cha kahawa 10,000, mfuko wa kijiji 8,000, matengenezo ya njia 5,000, ofisi ya kikundi 7,000, akiba ya dharura 3,000. Jumla 60,000. Karibuni.

BwanaDaftari

Mkuu, mfumo mzuri ila mgawanyo wako utagombanisha watu kabla ya mwezi kuisha. Umelipa kila kitu kwa kichwa cha mgeni, wakati gharama nyingine ni za safari.

Angalia. Mgeni mmoja akija, mwongozaji anatembea saa tano kwa 12,000. Wakija sita, anatembea njia ileile, saa zilezile, anachukua 72,000. Matokeo yake waongozaji watagombania makundi makubwa, na mgeni wa peke yake ataambiwa "leo mvua imeharibu njia". Kingine kibaya zaidi ni kwamba kila kichwa kikiwa na fedha nyingi, kuna faida kuandika wageni watatu walipokuwa watano.

Tenganisha. Gharama za safari: mwongozaji 25,000 kwa kundi lisilozidi sita, mwenye kihamba 15,000 kwa kundi lisilozidi wanne na 20,000 wakiwa watano au sita. Gharama za kichwa: chakula 15,000, kijiji 8,000, njia 5,000, ofisi 7,000, akiba 3,000, jumla 38,000. Ukipiga hesabu, mgeni mmoja anagharimu 78,000, wawili wanagharimu 58,000 kila mmoja, watatu kama 51,300, wanne 48,000, sita 45,500. Tangazeni 80,000 kwa mmoja, 60,000 kwa wawili, 52,000 kwa watatu na zaidi. Inayobaki iingie akiba moja kwa moja, na iandikwe hivyo kwenye katiba. Baki isiyo na jina ndiyo inayoleta maneno kijijini.

Kuhusu tiketi: kitabu chenye nakala tatu na namba za mfululizo zilizochapwa tayari kiwandani, msiandike namba kwa kalamu. Nakala ya kwanza ya mgeni, ya pili ya dereva wa kampuni, ya tatu inabaki kitabuni. Mwisho wa mwezi linganisheni vitu vitatu: nakala za kitabu, daftari la wageni wanaposaini, na taarifa ya akaunti. Visipolingana, tatizo linaonekana bila kumshuku mtu. Tiketi iliyoharibika haichanwi, inapigwa mstari na kubaki na nakala zake zote.

Malipo yapite lipa namba ya kikundi, kamwe si ya simu ya katibu. Watia saini benki wawe wa makundi mawili, kila malipo yasainiwe na mmoja kutoka kila kundi, na watajwe kwa vyeo. Sehemu ya kijiji ihamishwe kwenye akaunti ya kijiji kila mwezi, na taarifa isomwe kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu. Isomwe kwa tarakimu, wageni wangapi, shilingi ngapi, zimekwenda wapi. "Mapato yameongezeka" si taarifa.

NjiapandaYaHimo

Upande wa kampuni tuseme ukweli kidogo, kwa sababu tunaonekana wanyonyaji.

Kinachoifukuza kampuni kijijini si bei kubwa. Ni bei isiyojulikana. Dereva anafika na wageni waliokwishalipa, anakutana na kamba ya kwanza (maegesho), kamba ya pili (kiingilio), kijana wa tatu anadai fedha ya mwongozaji wa eneo. Mgeni anaona dereva anatoa noti dirishani mara tatu na anaanza kujiuliza ameletwa wapi. Kiingilio, maegesho na mwongozaji viwe tiketi moja, mahali pamoja.

Pili, bei isibadilike katikati ya msimu. Safari za mwezi wa saba na wa nane huwa zimeuzwa Ulaya na Marekani miezi mingi kabla. Mkipandisha bei mwezi wa sita, tofauti inatoka mfukoni mwa kampuni, na mwaka unaofuata jina la kijiji linafutwa kwenye ratiba. Bei mpya itangazwe angalau miezi kumi na miwili kabla.

Mkataba uwe na mambo haya: taarifa ya wageni saa 24 kabla, idadi na asiyekula nyama atajwe, malipo ndani ya siku 14 kwa kampuni zenye mkataba na papo hapo kwa zisizo nao, na safari ikifutwa asubuhi kampuni inalipa chakula kilichokwishapikwa na nusu ya mwongozaji. Wageni wanaokuja wenyewe kwa bodaboda walipe bei ya juu kuliko ya kampuni, walau asilimia 10 juu. Mkiwauzia chini, mnatushindanisha na mteja wetu.

Halafu risiti. Kampuni bila risiti halali haiwezi kuonyesha matumizi hayo TRA, kwa hiyo inayalipia kodi kana kwamba ni faida. Kikundi hakilazimiki kujisajili VAT kama mauzo hayafiki shilingi milioni 200 kwa mwaka, lakini hilo halikiondolei wajibu wa kutoa risiti. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili.

mangi_mtundu

Sasa na sisi tulio juu kabisa, mpakani na msitu? Wageni wetu wanataka kuingia msituni kuona mbega. Nusu Maili ni yetu tangu enzi za wazee. Kwa nini tuombe ruhusa?

Msitu_wa_Mvua

Mangi, tulia. Ukanda wa Nusu Maili ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na miti bila kuingia msitu wa hifadhi, na hisia ya "ni yetu" inatoka huko, si bure. Lakini mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro. Mgeni anayevuka mpaka huo na mwongozaji wa kijiji anaingia hifadhi ya taifa bila kibali, na anayekamatwa ni mwongozaji wako.

Fanyeni hivi. Leteni mtu wa KINAPA (ndiyo hiyo hifadhi ya taifa) pamoja na wenyeviti wa vitongoji, mtembee mpaka kwa miguu, vigingi vionekane, na njia ya wageni ichorwe kwenye ramani ikiwa chini ya mpaka. Mbega hawajui mpaka, wanashuka hadi kwenye miti mirefu ya vihambani na korongoni. Asubuhi kabla ya saa tatu utawaona bila kuingia msituni. Mkitaka kweli kuingia, mazungumzo ni na hifadhi, kwa barua ya halmashauri ya kijiji, na mgeni atalipa viingilio vya hifadhi.

Na hifadhi nayo inawahitaji majirani. Moto wa Oktoba 2020 mlimani ulipambanwa na askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, waongozaji na wanavijiji. Kijiji chenye vijana waliofunzwa kuzima moto, wenye mapanga na pampu za mgongoni, kinakwenda mezani kikiwa na kitu mkononi.

FundiNgazi

Mtoa mada ametenga 5,000 ya njia, safi, ila njia yenyewe hajaieleza. Njia nyingi za maporomoko huku zinakufa kwa maji ya mvua kabla hazijafa kwa miguu ya wageni. Udongo wetu wa volkano ukilowa unateleza kama sabuni, na ngazi ikishakuwa mfereji hakuna ukarabati utakaosaidia.

Ngazi: kimo sentimita 15 hadi 18, kina cha kukanyagia 30 hadi 35. Zote ziwe na kimo kimoja, maana watu hujikwaa kwenye ile moja iliyozidi. Mbao za mgrevilea zikigusa udongo zinaoza ndani ya misimu michache, kwa hiyo tumieni mawe ya mlima, au nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa. Kila gogo lishikwe na nondo mbili za milimita 12, urefu sentimita 60, zipigwe hadi kichwa kizame ndani ya gogo. Nondo inayochomoza inakata mguu.

Makinga maji yakate njia kwa mshazari, na mdomo wake utoke kwenye majani. Mteremko wa wastani, kila mita 10 hadi 15. Mteremko mkali, kila mita 5. Yasafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Koleo moja na nusu siku inatosha, na ndiyo kazi isiyofanywa kamwe kwa sababu haina picha ya uzinduzi.

Vishikio vya mkono viwe na kimo cha mita moja, nguzo kila mita 1.5 hadi 2, zizame sentimita 60. Mianzi ikilowa inateleza na mgeni anaiamini kuliko inavyostahili.

Jambo moja linasahaulika. Njia nyingi zinafuata au kuvuka mifereji ya asili. Kamati ya mfereji iwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Kingo zikikanyagwa na wageni thelathini kwa siku zinabomoka, maji hayafiki kwa walio chini, na hao hawapati hata senti ya utalii. Watafunga njia, na watakuwa na haki. Wekeni bomba au daraja la mawe pale njia inapovuka, gharama itoke mfuko wa njia.

Sheria_na_Mto

Naongezea kwa FundiNgazi. Nimeona michoro ya vikundi yenye mgahawa na vyoo pembeni kabisa ya maporomoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hili linagusa maji ya Chemka kule Hai sawasawa na maporomoko ya huku. Pimeni kwa futi kamba, si kwa macho. Jikoni, vyoo na maegesho vikae juu, karibu na barabara. Kule chini kuwe na benchi, ubao wa tahadhari na kapu la taka linalobebwa kurudi juu kila jioni. Mkitaka kuchepusha maji kwa ajili ya bwawa au mabomba, kibali kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapa hapa Moshi.

MamaBuni

Na kahawa mmeipita haraka. Ndiyo inayomfanya mgeni abaki saa mbili zaidi na kula chakula.

Mavuno huku ni kuanzia kama Julai hadi Desemba, kutegemea urefu wa mahali. Mgeni wa Februari hatakuta buni mbivu. Kwa hiyo kila msimu tengeni kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na ganda lake, iwekwe kwenye gunia safi, juu ya mbao, mbali na moshi wa jikoni na mafuta ya taa, kwani kahawa hunyonya harufu. Isikobolewe mpaka siku ya wageni.

Kipimo: kikombe kimoja gramu 10 za kahawa iliyosagwa. Wageni wanne, vikombe viwili kila mmoja, ni gramu 80. Kukaanga kunapunguza karibu sehemu moja ya tano ya uzito, kwa hiyo anzeni na gramu 100 za iliyokobolewa. Kukoboa kwenye kinu nako kunaondoa kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo gramu 125 zenye ganda. Kukaanga ni dakika 15 hadi 20 kwenye moto wa wastani, mwiko usisimame. Moto mkali unaunguza nje na ndani inabaki mbichi, chungu isiyo na harufu. Wengi wanakosea hapo kwa kuharakisha wageni wenye ratiba.

Zamu za vihamba ziwe kwenye ubao wa wazi, familia kwa familia. Kihamba kimoja cha karibu na barabara kikichukua wageni wote, jirani atakata kahawa apande kitu kingine, na mandhari mnayouza itaondoka naye. Familia isiyokuwa na choo safi na maji ya kunawa iruke zamu hadi irekebishe; hapo ndipo mkopo wa halmashauri unapofaa.

Kuuza pakiti ni habari nyingine. Kahawa iliyofungashwa inahitaji alama ya TBS, na mjasiriamali mdogo huanzia kwa barua ya SIDO. Msiuze kwenye mifuko ya nailoni isiyo na jina halafu mkasema ni "ya asili".

Sinya_Kwetu

Mbona mnahangaika? Igeni WMA, yale maeneo ya wanyamapori yanayosimamiwa na vijiji. Enduimet kule Longido vijiji vimeungana, wawekezaji wanalipa, vijiji vinagawana.

KihambaChaJuu

Sinya, WMA imetengenezwa kwa ajili ya wanyamapori kwenye ardhi ya vijiji, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Uru hakuna tembo wa kupitisha, na kihamba kina mwenyewe wa ukoo. Huwezi kutenga eneo la jamii juu ya migomba ya mtu. Ila kuna la kuiga: kanuni zao zinaweka wazi kwamba nusu ya mapato au zaidi inakwenda vijijini, na vijiji wanachama vinajuana kwa hesabu. Huku kuna maporomoko ambayo njia inaanzia kijiji kimoja na maji yako kijiji kingine. Hapo ile 8,000 igawanywe kwa makubaliano ya mikutano mikuu yote miwili, kabla ya mgeni wa kwanza. Wakishaanza kuja, kila upande unajiona ndiye mwenye mlima.

BwanaDaftari, hesabu yako nimeikubali. Jedwali la bei litakuwa lako, langu lifutwe.

kisambioni88

Swali la haraka: kuogelea chini ya maporomoko turuhusu? Wageni ndicho wanachopigia picha.

FundiNgazi

Ruhusuni kwa masharti. Hakuna kuruka kutoka juu, mawe ya chini huhama kila masika na kina cha mwaka jana si cha mwaka huu. Kamba ya kurusha ya mita 20 ining'inie pale pale, isiwe imefungiwa ofisini. Maji yakibadilika rangi kuwa ya tope au yakileta majani mengi ghafla, wote watoke mara moja hata kama jua linawaka, kwa sababu mvua inanyesha juu msituni msikokuona, na maji yanafika kwa mkupuo.

Machela muwe nayo: nguzo mbili za mita 2.4 na turubai imara, wabebaji sita wa kupokezana. Kila mwongozaji ajue hospitali iliyo karibu na njia yake, Kibosho, Machame, Marangu au KCMC, na gari la nani litatumika. Hilo nalo liingie kwenye mkataba na kampuni: gari lililoleta wageni haliondoki mpaka wageni wamerudi juu.

NjiapandaYaHimo

Hilo la gari tunakubali, ila nanyi mtuandikie siku za kufunga njia. Masika mvua ikinyesha usiku kucha, kikundi kitume ujumbe kabla ya saa moja asubuhi kwamba maporomoko yamefungwa, na kuwe na bei ya kahawa na chakula peke yake. Kwa hesabu ya BwanaDaftari, ukiondoa 5,000 ya njia na kumlipa mwongozaji nusu siku, 12,500, mgeni wa peke yake inakuja 60,500. Tukiwa na bei hiyo mkononi hatufuti safari, tunabadilisha ratiba tu.

BwanaDaftari

Sahihi, 60,500. Andikeni 62,000, tofauti iende akiba.